Baba Mdogo na chupa ya Makaburu

Najua nimepotea, na lawama zenu zimenifikia. Kazi tu, na joto la Texas. Leo nataka kuwasimulia kilichotokea hapa Richardson alipokuja Baba Mdogo, maana nasikia huko Morogoro habari imefika nusunusu kwamba "alikataa kinywaji cha mtoto wake". Wale msiogusa kilevi, shangazi hasa, msikimbie. Hii si habari ya ulevi, ni ya siasa.

Jumamosi moja nilipika wali na kuku wa nazi, nikanunua chupa tatu za mvinyo, kila moja chini ya dola 10. Hapa mvinyo hauna makuu kama mnavyodhani, unauchukua supamaketi pamoja na mkate na maziwa. Ya kwanza ilikuwa nyekundu ya Ufaransa, ikakausha ulimi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Ya pili ya hapahapa Texas, tamutamu, ikatukumbusha ile ya Dodoma ya kwenye harusi. Ya tatu ilikuwa nyeupe, Chenin Blanc, na niliamini ndiyo itakayoendana na nazi. Baba Mdogo akaigeuza chupa, akavaa miwani, akasoma: Western Cape. Akairudisha mezani taratibu.

"Mwanangu, hii ni ya Makaburu." Akaomba maji.

Vijana mtacheka. Lakini Baba Mdogo alikuwa fundi mwashi pale Mazimbu, kwenye shule ya ANC iliyoitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, iliyoanza 1978 mpaka ikakabidhiwa serikali yetu mwaka 1992. Alijenga mabweni ya vijana waliokimbia kwao baada ya risasi za Soweto za 1976. Kwake kususia si habari ya gazetini.

Na mgomo wenyewe una mkono wetu. Mwaka 1959 Albert Luthuli, Rais wa ANC, aliiomba dunia isinunue bidhaa za Afrika Kusini. Tarehe 26 Juni mwaka huohuo ukafanyika mkutano London wa kuanzisha mgomo huo, na mmoja wa wasemaji alikuwa Mwalimu Nyerere, Tanganyika ikiwa bado haijapata uhuru. Mwingine alikuwa Padre Trevor Huddleston, yule aliyekuja kuwa Askofu wa Masasi. Watu wakaombwa waache matunda, sigara na mvinyo wa huko. Na kwenye mvinyo kulikuwa na uchungu wa ziada. Katika mashamba ya zabibu ya Cape, vibarua walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, utaratibu uitwao dop. Sheria ilikuja kuukataza lakini uliendelea kichinichini miaka mingi, na madhara yake yakawapata hata watoto tumboni mwa mama zao.

Marekani ilichelewa. Mwaka 1986 Bunge lilipitisha sheria ya vikwazo, Rais Reagan akaikataa, Bunge likaipitisha hivyohivyo bila yeye. Mazao ya mashamba ya Afrika Kusini yakazuiwa kuingia. Vikwazo vya sheria hiyo viliondolewa Julai 1991 na Rais Bush mkubwa.

Sasa linganisheni na mgomo mwingine wa hapa Marekani. Mwaka 2003 Ufaransa ilikataa kuunga mkono vita ya Iraq. Wamarekani wengine wakapandwa na hasira, wakamwaga mvinyo wa Kifaransa barabarani. Migahawa ya Bunge ikabadilisha hata jina la chipsi, ambazo hapa huitwa za Kifaransa, zikawa "chipsi za uhuru". Wachumi Larry Chavis na Phillip Leslie walikadiria kwamba mauzo ya mvinyo huo yalishuka kwa asilimia 26 hasira ilipofika kileleni. Wengine, akiwemo Orley Ashenfelter, walipima nao wakasema hawakuona athari yoyote. Ilipofika 2006 chipsi zilikuwa zimerudishiwa jina lake kimyakimya.

Kinachonichekesha ni hiki. Ukitoka hapa Richardson kwa gari, ukashika barabara ya 75 kwenda kaskazini kama saa moja, unafika mji wa Denison. Huko aliishi Thomas Volney Munson, mtaalamu wa zabibu. Karne ya 19 mizabibu ya Ufaransa ilipokuwa ikiuawa na mdudu mdogo anayekula mizizi, filoksera, dawa ilikuwa kuibebesha juu ya mashina ya Kimarekani, kama tunavyobebesha michungwa. Munson alikuwa mmoja wa waliowaonyesha Wafaransa mashina ya kufaa, nao wakampa nishani mwaka 1888. Kwa hiyo waliokuwa wakimwaga ule mvinyo walikuwa wakimwaga, kwa namna fulani, jasho la jirani yangu wa Texas!

Nimewaza sana tofauti ya migomo hii miwili. Ule wa 2003 ulikuwa hasira tu, bila kusema Mfaransa afanye nini ili asamehewe. Ule wetu uliombwa na wenye kidonda wenyewe, ukawa na dai linaloeleweka, ukavumiliwa zaidi ya miaka 30. Na waliouomba ndio waliosema basi: tarehe 24 Septemba 1993 Mandela alisimama Umoja wa Mataifa, New York, akaomba vikwazo vya uchumi viondolewe.

Hilo ndilo nililomweleza Baba Mdogo asubuhi yake tukinywa chai. Akanyamaza muda mrefu.

"Mandela mwenyewe alisema?"

"Mwenyewe, baba."

"Basi mimi hakuna aliyeniambia."

Sikuwa na jibu. Mtu ameshika zamu yake miaka yote hiyo, na hakuna aliyekumbuka kupita kumwambia kwamba zamu imekwisha.

Jioni aliniomba nimimine kidogo. Akaonja, akakunja uso, akasema ya Dodoma ni bora. Kisha akamaliza glasi.

Kwa hiyo wapeni habari kamili huko. Nisalimieni wote, na shangazi aniombee. Tuzidi kuombeana uzima.