Kufunga anvelope ao kupiga kashe? Ubishi wa miaka 23

Ukifungua saiti ya banki mu telefone, ukuwe Kapolowe ao Likasi, kazi mbili zinafanyika chini-chini. Ya kwanza ni kuficha ujumbe, sawa vile kufunga barua mu anvelope. Ya pili ni kuhakikisha, sawa vile kupiga kashe ili anayepokea ajue nani ameandika, na kama hakuna aliyegeuza kitu njiani. Wengi wanafikiri moja inatosha. Historia inakatala.

Mwezi wa Agosti 1995, IETF, kikundi cha wainjiniere wanaoandika kanuni za intaneti, kilitoa kanuni za IPsec. Vyombo vilikuwa viwili: AH kwa kuhakikisha, ESP zaidi kwa kuficha. Mutu aliweza kuchukua kimoja tu. Mu 1996 Steven Bellovin akaonyesha hatari yake: adui asiye na ufunguo anaweza kukata kipande cha ujumbe uliofichwa, akipachike mu ujumbe mwingine, na mashine yenyewe inamufungulia siri. Kumbe kuficha bila kuhakikisha ni kujidanganya!

Mu 1998 ESP ikapewa uwezo wa kupiga kashe pia. Sasa AH ya nini? Niels Ferguson na Bruce Schneier walisema itolewe. Wengine wakakatala, juu AH inalinda hata adresi za inje ya pakiti, na ESP haizigusi. Mu 2005 IETF ikakata maneno: ESP ni lazima, AH ni ukipenda.

Ubishi wa pili ulikuwa juu ya mupango: nini itangulie? SSL ya Netscape ilipiga kashe kwanza, kisha ikafunga. IPsec ilifunga kwanza, kashe ikakaa inje. Mu 2001 Hugo Krawczyk akaonyesha kwa hesabu kama njia ya IPsec njo yenye usalama kwa jumla. Lakini akasema namna SSL inavyotumiwa inaweza kusimama. Watu wakatuliza roho. Mwaka uliofuata, Serge Vaudenay akawaamsha: kama kashe iko ndani, anayepokea analazimika kufungua mbele ya kuchunguza, na majibu yake ya kosa yanamupa adui habari. Mu 2013 shambulio la Lucky Thirteen likaonyesha kama hata tofauti ndogo sana ya wakati wa kujibu inatosha.

Mu 2014 TLS, mutoto wa SSL, ikaruhusu kufunga kwanza. Mu 2018 TLS 1.3 ikaondoa uchaguzi kabisa: kuficha na kuhakikisha vinafanywa pamoja, basi.

Lakini mu IPsec, kanuni ya 2005 iliruhusu ESP yenye kuficha tu. Kwa hiyo wewe unayeingia staji mu kampuni ya mine ao mu hopitali, ukikuta VPN yao, usiulize tu kama inaficha. Uliza pia: kashe iko wapi?