Bodaboda wa baiskeli na njia ya kuelekea mashindanoni

Mwaka 2008 Wakenya wawili walisimama chini ya L'Alpe d'Huez, mlima mashuhuri wa mbio za Tour de France, wenye kona 21 katika umbali wa karibu kilomita 14. Zakayo Nderi alikuwa mng'arisha viatu. Samwel Mwangi alikuwa bodaboda, tena wa baiskeli. Nderi alifika kileleni kwa muda wa takriban dakika 42, muda wa kuheshimika hata kwa waendeshaji wa kulipwa.

Wengi waliona jibu ni rahisi: mtu abebaye abiria kutwa nzima hana haja ya mazoezi. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Kazi ya bodaboda ilianzia Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, miongo kadhaa iliyopita, na chombo chake kilikuwa baiskeli nzito ya chuma isiyo na gia, yenye kiti cha sponji juu ya keria. Miguu ilikomaa, bila shaka. Lakini mbio hudai saa nne au tano za kuendesha mfululizo, na baada ya hapo mapumziko. Bodaboda huenda safari fupifupi, kisha hungoja kijiweni juani. Akiondoka kwenda mazoezini, abiria huchukuliwa na mwenzake, na jioni nyumbani hakuna unga. Mfanyakazi wa ofisi katika mtaa wa Al-Hamra mjini Jeddah huweza kuendesha baiskeli alfajiri, kisha akaketi kwenye kiti chake hadi jioni huku miguu ikipumzika na mshahara ukiendelea kuhesabika. Bodaboda kazi yake ni miguu ileile.

Ndiyo maana kilichobadilisha mambo hakikuwa baiskeli nyepesi peke yake, ingawa hizo ndizo zilizopigwa picha. Nicholas Leong, mpigapicha kutoka Singapore aliyewapeleka Nderi na Mwangi Ufaransa, alilazimika kuwatunza waendeshaji wake ili wapate nafasi ya kufanya mazoezi. Nchini Rwanda, Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France, mwaka 1981, alianza kuijenga timu ya taifa mwaka 2007, na waendeshaji wakapewa posho. Miongoni mwao aliingia Gasore Hategeka, yatima aliyekuwa akibeba viazi na abiria kwa baiskeli, na ambaye alikuwa akiwafukuzia wanatimu kila walipopita barabarani kwao. Kwa kijana kama huyo, posho ilikuwa na maana kwamba siku ya mazoezi si siku ya njaa.

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza barani Afrika. Kwa upande wa Kenya, mwaka uleule wa 2008 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo. Abiria walihamia kwenye pikipiki, na katika miji mingi vijiwe vya baiskeli vikabaki vitupu.