Makarani wa Tanga

Katika mafunzo yangu kwa vitendo kwenye masjala ya ofisi moja mjini Tanga, msimamizi wangu, mama aliyekaribia kustaafu, alinitaka kila Ijumaa niandike uwezo wangu na udhaifu wangu. Uwezo: nasoma mwandiko wa zamani bila kuchoka. Udhaifu: nasita kuuliza mbele ya wakubwa. “Mwanangu,” aliniambia, “masjala haimfai bubu.”

Kusita huko kuna historia. Wajerumani walifungua shule ya serikali hapa Tanga miaka ya 1890 ili wapate makarani, watu wa kunakili na kutii. Lakini mwaka 1922, chini ya Waingereza, Martin Kayamba, karani wa papa hapa, aliongoza wenzake kuanzisha chama cha Waafrika watumishi wa serikali. Walisoma magazeti pamoja, wakacheza mpira. Kwangu hilo ni jambo kubwa mno: walioajiriwa kuandika maneno ya wengine walijipatia pa kusemea yao. Mwaka 1929, Dar es Salaam, makarani walikuwa tena miongoni mwa waasisi wa chama cha Waafrika wa Tanganyika, kile kilichogeuzwa kuwa TANU mwaka 1954.