"NIMEOKOKA": NENO HILI LILITUFIKIA KUPITIA KWA NANI?



Ukisimama Jumapili kutoa ushuhuda, unajua unavyoanza. "Bwana asifiwe. Naitwa fulani, nimeokoka, nampenda Bwana." Kanisa linaitika Amen hata kabla hujafika mbali. Wengi wetu tunadhani lugha hii ilizaliwa katika makanisa yetu ya Kipentekoste. Hapana, mtu wa Mungu. Kwa sehemu kubwa tumeirithi kutoka kwa Waanglikana.

Twende Kampala, Septemba 1929. Daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akihudumu katika hospitali ya misheni huko Gahini, Rwanda, alikuja amechoka mwili na roho. Akakutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, kule Namirembe. Wote wawili walikuwa Waanglikana, na wote walikuwa na kiu ile ile. Walikaa na Biblia siku mbili wakisoma habari za Roho Mtakatifu na kuomba. Church akarudi Gahini, na ndugu yake Nsibambi, Blasio Kigozi, akawa akifanya kazi huko huko. Kufikia mwisho wa 1933 watu wa Gahini walikuwa wakiungama dhambi zao mbele ya wenzao. Walilipa madeni na kurudisha vitu walivyoiba. Mweupe aliomba msamaha kwa mweusi, na mweusi kwa mweupe, jambo ambalo katika miaka ile ya ukoloni halikuwa la kawaida hata kidogo.

Waganda wakawaita Balokole, yaani waliookoka. Msifikiri lilikuwa jina la heshima. Wengine walilitamka kwa kejeli, na upinzani ulitoka ndani ya kanisa lao wenyewe. Mwaka 1941, katika chuo cha theolojia cha Mukono, wanafunzi 26 walifukuzwa, William Nagenda akiwa mmoja wao. Walikuwa wakiamka alfajiri kuomba na kukemea dhambi chuoni, na walipokatazwa hawakuacha. Lakini angalia walichofanya baadaye. Hawakukimbia kuanzisha kanisa lao na kuchapisha barua zenye jina jipya, kama tunavyofanya sisi tukikosana na mchungaji. Walibaki Waanglikana.

Kwetu Kenya uamsho ulifika Kabete mwaka 1937, ukaenea Ukambani, Nyanza na sehemu nyingine. Gikuyu waliwaita Ahonoki, waliookolewa. Kisha ikaja hali ya hatari, Oktoba 1952. Ahonoki wengi walikataa kiapo cha Mau Mau, wakisema damu ya Yesu imewatosha, hawawezi kuonja damu ya mbuzi juu yake. Wengi wao pia walikataa kubeba bunduki za serikali. Kwa hiyo kila upande uliwashuku, na wako waliouawa. Neno "nimeokoka" unalolisema kwenye maikrofoni, wao walilisema usiku mlango ukigongwa.

Sisi Wapentekoste tuna mto wetu pia. Wamisionari kutoka Kanada walikuwa Nyang'ori katika miaka ya 1920, na mwaka 1927 Roho alishuka kwa nguvu Kaimosi, tena katikati ya Quakers! Kunena kwa lugha, kuombea wagonjwa, hayo tumeyapata zaidi kwa njia hiyo. Wale wa uamsho hawakuwa na mkazo huo. Wao walisisitiza msalaba, damu na kutembea nuruni. Leo mito hii miwili imechanganyika hata hatujui maji gani ni ya nani.

Sasa nasema na wewe uliyehamia kwetu juzi, ukamwambia mama yako kwamba hajaokoka kwa sababu kanisani kwake wanasoma sala kitabuni na mchungaji anavaa kanzu. Ulimuuliza? Inawezekana aliungama dhambi zake katika ushirika wa ndugu kabla hujazaliwa. Tena kama hajaokoka, kanzu ya mchungaji wake siyo sababu. Na kama wewe umeokoka, spika zetu kubwa siyo sababu pia.

Neno lenyewe linatusaidia. Kiswahili kina kuokoka na kuokolewa. "Nimeokoka" linasema niko salama, bila kutaja aliyenitoa hatarini. "Nimeokolewa" linakulazimisha kujiuliza: na nani? Biblia yetu ya Union Version inatumia yote mawili. Mlinzi wa gereza la Filipi anauliza afanye nini apate kuokoka. Paulo akiwaandikia Waefeso anasema wameokolewa, kwa neema.

Soma Matendo 16:25-34, kisha Waefeso 2:1-10, ukitafuta ni nani anayefanya kazi katika kila mstari. Jumatano kwenye mafunzo ya Biblia tutaanzia hapo. Mbarikiwe.