Sumaku ya Mawe ya Olduvai

Mkoa wa Simiyu, uliomegwa kutoka Shinyanga na Mwanza mwaka 2012, sehemu yake kubwa imekaa juu ya matale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mashariki ya Bariadi, ukishavuka nyika za Serengeti, miamba hiyo ya kale hufunikwa na lava na majivu ya volkano za Ngorongoro. Humo ndimo lilimo Bonde la Olduvai.

Mary Leakey alipopata humo fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, Julai 1959, swali kubwa lilikuwa umri wake. Vipimo vya potasiamu na argoni vilivyotangazwa 1961 vilitaja takriban miaka milioni 1.75. Mwaka 1963 Sherman Grommé na Richard Hay wakachapisha vipimo vya sumaku vya basalti iliyo chini ya tabaka la fuvu.

Lava inapopoa hadi chini ya nyuzi 580 hivi za Selsiasi, chembe za magnetaiti zilizomo hushika uelekeo wa uga sumaku wa Dunia na kubaki nao. Ndiyo maana sampuli huwekewa alama ya kaskazini kabla ya kung'olewa mwambani. Alama ikikosewa, jiwe halisemi kitu. Basalti ya Olduvai ilielekea kama dira ya leo, ilhali miamba mingi ya zama hizo duniani ilielekea kinyume. Kipindi hicho ambacho uga wa Dunia ulielekea kama leo, kati ya miaka milioni 1.95 na 1.77 iliyopita, kinaitwa Olduvai hadi sasa, na alama yake imo hata kwenye sakafu za bahari kuu.

Siri ya magnetaiti yenyewe ilifumbuliwa mbali na Serengeti. Louis Néel alieleza mwaka 1948 kwamba atomu zake za chuma zimo katika makundi mawili yanayoelekeana kinyume bila kulingana nguvu, na ile ziada ndiyo sumaku. Clifford Shull na wenzake walilithibitisha hilo 1951 kwa nyutroni za kinu cha nyuklia cha Oak Ridge, Marekani. Nyutroni haina chaji, hivyo hupenya jiwe, na yenyewe ni sumaku ndogo. Mwaka 1957 Bertram Brockhouse, huko Chalk River, Kanada, akapima mawimbi ya usumaku ndani ya magnetaiti kwa kuangalia nishati ya nyutroni inavyobadilika. Shull na Brockhouse walipewa Tuzo ya Nobel 1994.

Kupima mawimbi ya usumaku yaliyo hafifu zaidi kulidai nyutroni baridi. Hizi hupozwa kwa haidrojeni ya kimiminika, karibu nyuzi 253 chini ya sifuri, mwendo ukashuka hadi mita 1,000 kwa sekunde au pungufu, na hapo hata badiliko dogo sana la nishati huonekana.