Stima Yako Ina Historia, na Historia Hiyo Ina Deni

Kila muhula ukikaribia kuisha, wanafunzi wananiandikia na ombi moja: "Nisaidie na vyanzo vya kawi, faida na hasara." Wanachotaka ni jedwali. Mafuta na makaa ya mawe huku, maji katikati, mvuke wa ardhini kule. Chini yake unaandika "huchafua hewa", "hutegemea mvua", "ni ghali kuanzisha". Mwalimu anaweka tiki na maisha yanaendelea.

Sina ugomvi na jedwali. Ugomvi wangu ni kwamba jedwali halina watu ndani. Linakuambia bwawa linategemea mvua, lakini halikuambii ni nani alikaa gizani mvua ilipokosa. Linakuambia mvuke ni kawi safi, lakini halikuambii ni nani alihamishwa ili uchimbwe. Kwa hivyo leo sitakupa jedwali. Nitakupa historia ya stima ya Kenya, halafu jedwali utajichorea mwenyewe.

Tuanze Unguja, kwa sababu huko ndiko stima yetu ilikotoka. Historia inayosimuliwa na kampuni ya stima yenyewe inasema Seyyid Barghash, sultani aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa na jenereta ya kuwasha taa kwenye kasri lake na barabara za karibu. Mwaka wa 1908, mfanyabiashara wa Mombasa aitwaye Harrali Esmailjee Jeevanjee akainunua na kuivusha hadi Mombasa. (Usimchanganye na A. M. Jeevanjee, yule wa bustani ya Nairobi.) Mwaka huo huo, mhandisi Clement Hertzel akapewa haki ya kusambaza stima Nairobi akiwa peke yake. Kampuni hizo mbili zikaungana mwaka wa 1922 zikawa East African Power and Lighting.

Ona vile mambo yalivyoanza. Mashine ya kwanza ilikuwa ya sultani, ya pili ikawa ya mwenye pesa, na soko la Nairobi likapewa mtu mmoja. Hakuna mahali mwananchi wa kawaida anatajwa. Stima haikuletwa ili mama yako apike wala ili mtoto asome usiku. Ililetwa kwa ajili ya ikulu, bandari, hoteli na nyumba za wakubwa. Nashikilia kwamba tabia hiyo ya mwanzo haijatutoka kabisa.

Sasa tuje kwa maji. Mwaka wa 1925 kituo kidogo cha Ndula kikaanza kazi kwenye Mto Thika, megawati 2 tu. Lakini Nairobi ilikuwa inakua haraka, viwanda vinaongezeka, na vituo vidogo vikalemewa. Jibu likapatikana kwa jirani. Mwaka wa 1954 Malkia Elizabeth alifungua bwawa la Owen Falls kule Jinja, pale Mto Nile unapotoka ziwani. Mwaka huo huo kampuni mpya, Kenya Power Company, ikaundwa ili kuleta stima hiyo kutoka Tororo hadi Nairobi. Kumbuka huo ni wakati wa hali ya hatari, wakati maelfu ya watu wa Mlima Kenya walikuwa kwenye kambi na vijiji vya lazima. Nguzo za stima zilipita juu ya watu ambao hawakuwa na hata haki ya kutembea usiku.

Baada ya uhuru, serikali ikasema inatosha, tunataka maji yetu wenyewe. Hapo ndipo Mto Tana ulipoingia. Kindaruma ikafunguliwa 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Hiyo ndiyo ngazi ya Seven Forks: maji yale yale yanashuka, yanazungusha mitambo hapa, yanakusanywa, yanazungusha tena kule chini. Gitaru, yenye megawati 225, bado ndicho kituo kikubwa zaidi cha maji nchini. Masinga yenyewe inatoa megawati 40 tu, na ukiangalia namba peke yake utaidharau. Lakini Masinga ndiyo tangi. Inashika maji ya msimu wa mvua na kuyaachilia polepole kwa ndugu zake walio chini. Masinga ikikauka, ngazi yote inatetemeka.

Tuseme ukweli, kizazi hicho kilijituma. Ndani ya miaka ishirini, nchi changa ilijenga mabwawa matano kwenye mto mmoja. Lakini uliza pia upande wa pili. Kule chini kabisa mwa Tana, Wapokomo kwa miaka mingi walilima mpunga na migomba wakifuata mafuriko: mto unafurika, unaacha tope lenye rutuba, wanapanda. Ukidhibiti mto, umedhibiti shamba la mtu aliye mamia ya kilomita kutoka kwako. Na mvua ikizidi, mabwawa yakijaa hadi kumwaga, kama ilivyokuwa 2018 na 2024, watu wa Garissa na Tana River ndio wanaambiwa wahame upesi. Stima inapanda kwenda Nairobi, maji yanashuka kwenda kwao. Na kuna mitaa mingi huko iliyokaa miaka na miaka bila hata balbu moja.

Halafu mvua ikatuonyesha. Ukame wa 1999 na 2000 ulishusha maji ya mabwawa hadi nchi ikaingia kwenye mgao wa stima. Wakati huo zaidi ya nusu ya stima yetu ilikuwa ya maji. Viwanda vikapunguza zamu, vinyozi wakakaa nje ya vibanda vyao wakingoja, nyama ikaharibika buchari. Ukiwa na mzazi aliyekuwa na biashara mwaka wa 2000, muulize. Atakupa maelezo ambayo kitabu cha jiografia hakina. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na mtegemea mawingu hulala gizani.

Serikali ilipobanwa ikakimbilia nini? Mafuta. Kipevu, Mombasa, tayari ilikuwa na mtambo mpya wa dizeli uliofunguliwa 1999. Jenereta za dharura zikakodishwa kutoka nje. Ukame ukarudi 2009, mgao ukarudi, na jenereta za kukodi zikarudi. Hapa ndipo mwanafunzi anafaa kuelewa kwa nini mafuta hayaishi kwenye jedwali hata kama yana hasara ndefu. Mtambo wa dizeli unajengwa haraka, unawashwa haraka, na hauulizi kama mvua imenyesha. Ni kama mkopo wa simu: unakuokoa leo jioni, unakunyonga mwisho wa mwezi. Dizeli inanunuliwa kwa dola, na bei yake inaingia moja kwa moja kwenye tokeni yako.

Na tulikaribia kuongeza makaa ya mawe juu yake. Mpango ulikuwa kujenga mtambo wa megawati 1,050 Lamu, karibu na mji wa kale ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2001. Nchi hii haikuwa na uhaba wa wataalamu wa kusema ndiyo. Waliosema hapana ni wavuvi, akina mama, vijana na wazee wa Lamu. Wakaenda kwenye mahakama ya mazingira, na Juni 2019 mahakama hiyo ikafuta leseni, sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Nafikiri hiyo ni moja ya hukumu muhimu zaidi katika historia ya kawi nchini, na sijaona mtaala unaoipa hata aya moja.

Tuingie sasa Olkaria, ambako watu wengi wanadhani historia inaisha vizuri.

Chini ya Bonde la Ufa, miamba ya moto iko karibu na uso wa dunia kuliko kwingine. Maji ya mvua yanapenya chini, yanachemshwa, yanabaki yamefungiwa kwa presha. Ukichimba kisima kirefu hadi kuyafikia, mara nyingi kilomita mbili au tatu, mvuke unapanda kwa nguvu, unazungusha mtambo, na maji yanayobaki yanarudishwa ardhini. Mchana, usiku, kiangazi, masika, haijalishi. Ndiyo maana wahandisi wanaupenda.

Lakini haukupatikana kwa siku moja. Visima viwili vya kwanza vilichimbwa Olkaria miaka ya 1950, hata kimoja hakikufika kilomita moja, na havikutoa mvuke wa maana. Watu wakaachana na jambo hilo. Ni mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, ndipo uchunguzi ulirudi. Kisha 1973 bei ya mafuta duniani ikapanda kama mwendawazimu, na ghafla kila mtu akaona maana ya kuwa na moto wako mwenyewe chini ya miguu yako. Mwaka wa 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukaanza, wa kwanza wa aina hiyo Afrika kuuza stima kwa nchi. Kufikia 1985 ilikuwa ni megawati 45.

Halafu tukalala. Kituo kilichofuata cha serikali, Olkaria II, kilianza 2003. Miaka kumi na minane! Sababu moja ilikuwa pesa: visima ni ghali, unaweza kuchimba na ukose, na wafadhili walikuwa wamefunga mifuko kuanzia 1991 kwa sababu ya siasa na ufisadi wa wakati huo. Kwa hivyo mgao wa 2000 haukuletwa na ukame peke yake. Ukame ulileta kiangazi. Giza lilitokana na miaka ya kutojipanga, ilhali mvuke ulikuwa pale pale, umbali wa safari ya matatu kutoka Nairobi. Hii ndiyo hoja ambayo ningependa kila mwanafunzi aiandike: janga la kawi mara nyingi ni uamuzi ambao haukufanywa mapema.

Baada ya mshtuko huo tukaamka. Mwaka wa 2008 kampuni ya serikali ya kuchimba mvuke, GDC, ikaundwa ili ibebe hatari ya visima. Olkaria IV ikaja 2014, megawati 140. Olkaria V ikafuata 2019. Leo mvuke ndio chanzo kikubwa zaidi cha stima yetu, na Kenya inatajwa kati ya mataifa yanayoongoza duniani kwa kawi hiyo. Najivunia, na sitaki kujifanya sijivunii.

Ila kuna deni. Mwaka wa 1904 Wamasai walihamishwa kutoka sehemu hizi za Bonde la Ufa kwa mkataba na Waingereza, ili walowezi wapate nafasi. Mwaka wa 2014, miaka 110 baadaye, familia za Wamasai zilihamishwa tena ili kupisha Olkaria IV. Safari hii walijengewa nyumba, shule na zahanati, hilo lisemwe wazi. Lakini walilalamika kuhusu ardhi, barabara na jinsi walivyoshirikishwa, hadi malalamiko yakafika kwa jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia. Mwaka wa 2015 jopo hilo likakubali kwamba benki haikufuata baadhi ya kanuni zake yenyewe, na upatanishi ukafanywa. Wafugaji wa Naivasha waliilazimisha Benki ya Dunia ijibu. Hiyo nayo ni historia ya kawi.

Kwa hivyo nikiulizwa ni chanzo gani bora kwa Kenya, nasema mvuke, bila kusitasita. Lakini kawi safi iliyopatikana kwa kumsukuma mtu yule yule kila baada ya vizazi vichache haiwezi kuitwa safi mbele yangu. Usafi si wa hewa tu.

Na usidhani tukiwa na vyanzo vingi basi tumemaliza. Tarehe 7 Juni 2016, tumbili mmoja alipanda juu ya kituo cha Gitaru, akaanguka kwenye transfoma, na nchi nzima ikazima. Tumbili alipona. Tulicheka sana, lakini kichekesho kile kilikuwa na somo: nyaya na mitambo inayosambaza ni muhimu kama kinachozalisha. Na mwaka wa 2022 tukaanza kununua stima ya maji ya Ethiopia, kama vile 1954 tulivyogeukia maji ya Uganda.

Mwanafunzi, ukitaka kazi yako isifanane na ya wenzako arobaini, chukua risiti ya tokeni nyumbani uisome pole pole. Kuna gharama ya mafuta: hiyo ni dizeli. Kuna ushuru wa maji: hiyo ni mito inayozungusha mitambo. Kuna marekebisho ya fedha za kigeni: hayo ni madeni na ununuzi wa dola. Historia yote niliyokusimulia imechapishwa kwenye kile kikaratasi au kwenye ile meseji ya simu. Halafu kwa kila chanzo uliza maswali matatu: nani aliamua, nani alilipa, na nani bado yuko gizani. Ukiyajibu hayo, faida na hasara zitajipanga zenyewe.