Utambulisho wa Kitamaduni

Utambulisho wa kitamaduni ni namna mtu anavyojitambua kwa lugha, malezi na kumbukumbu za ukoo. Uraia ni uhusiano wa kisheria kati ya mtu na dola. Wamakonde wanaithibitisha tofauti hiyo. Mpaka wa kikoloni uliofuata mto Ruvuma uliwagawa kati ya Tanzania na Msumbiji, na waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya pwani ya Kenya waliishi huko na wazao wao bila uraia hadi walipotambuliwa mwaka 2016, bila kuacha kuwa Wamakonde. Wapo wanaopinga wakisema kwamba utambulisho usio na kitambulisho hauna maana. Kweli, kukosa hati kuliwanyima haki nyingi, na dhuluma hiyo ilikuwa nzito. Lakini kilichokosekana ni haki, si utamaduni.